Vitu Vyote Bapa Vinavyong'aa

Jumatatu, 5 Januari

Vita! Si ya bunduki, ya ushuru. Nchi ya ng'ambo ya mto imepandisha ushuru wa vitunguu vyetu mara tatu, na ofisi yetu ya mipango ya uchumi imechangamka kama nyumba yenye harusi. Mama mkurugenzi alituita asubuhi, mimi na Suti. Suti ni mwenzangu wa meza ya pili. Huvaa suti hata siku za joto kali, na hatoki jasho. Simwamini mtu asiyetoka jasho.

Mkurugenzi akagawa kazi. Kwanza, orodha ya bidhaa zao arobaini tutakazozitoza ushuru wa kulipiza, iwe mezani kwake kabla ya saa sita. Hiyo nikapewa mimi. Pili, mfano hai wa uchumi mpya wa taifa: wenye haki kwa wafanyakazi, usiochafua hewa, usiomtegemea jirani. Kila mmoja wetu aandae wake, yeye atapita kuikagua Ijumaa. Mshindi ataongoza kitengo kipya na atapata chumba chenye dirisha.

Dirisha! Miaka kumi na moja natazama kabati la mafaili.

Orodha nimeiwahi. Bidhaa thelathini na tisa zilikuja zenyewe, ya arobaini ikagoma. Saa sita kasoro dakika mbili nikaandika: "Vitu vyote bapa vinavyong'aa." Nilikuwa nafikiria vioo na sinia. Mkurugenzi akasaini bila kusoma. Chini kabisa pana jina langu: mwandaaji.

Jumanne, 6 Januari

Mfano hai nimeupata. Uko nyumbani kwangu!

Mke wangu ana karakana ya ushonaji uani kwetu. Mafundi sita, akiwemo mama mkwe. Wanashona sare mia tatu, na shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Mwalimu mkuu ameshasema: zikichelewa hata siku moja, kazi hiyo ya kila mwaka inahamia kwa mwingine. Bila kazi hiyo karakana inafungwa. Mke wangu siku hizi anahesabu sare hata akiwa anapika.

Kinachoniudhi ni cherehani zao. Za kukanyaga, nyeusi, za tangu enzi za bibi yake, kwa-kwa-kwa kutwa nzima. Taifa haliwezi kusonga mbele kwa miguu! Mpango wangu: cherehani za umeme, umeme wa jua, paneli juu ya bati. Cherehani sita za umeme ziko stoo ya ofisi tangu maonyesho ya mwaka juzi, nimeruhusiwa kuziazima. Paneli nimeziagiza kwa simu, zinafika Alhamisi. Zinatoka ng'ambo ya mto, ndiko zinakotengenezwa, lakini neno "paneli" halimo kwenye orodha. Nimeipitia mara mbili. Mimi si mtoto.

Mke wangu akauliza cherehani zake zina kosa gani. Hazili umeme, hazili mafuta, zinakula miguu tu. Nikacheka kwa upole. Mambo ya tabianchi si ya kila mtu. Akaniambia nisiguse kitu mpaka Jumatatu ipite.

Jumatano, 7 Januari

Nimegusa.

Mke wangu alikwenda shuleni kupeleka sampuli. Mafundi walikuwa mapumziko ya mchana. Alibaki mama mkwe, anatia vifungo. Nikamwambia cherehani zinakwenda kutiwa mafuta. Akanitazama juu ya miwani, akasema yeye hayumo, asiulizwe.

Sasa vyuma vile vizito nivitupe wapi? Hapo ndipo Suti alipojitokeza! Akasema ataniondolea, bure kabisa, hata mkokoteni atautafuta mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu na suti yake anasukuma takataka zangu, halafu ananishukuru! Wajinga ndio waliwao.

Mke wangu aliporudi alikuta cherehani sita nyeupe, safi, kimya. Kimya kwa sababu karakana haina umeme. Haikuwahi kuuhitaji. Sare zilizokwisha ni mia moja na kumi. Nikamwahidi kwamba kesho saa nne paneli zitakuwa juu ya bati. Akasema haya. Sikuipenda ile haya.

Alhamisi, 8 Januari

Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Mafundi wamekaa kwenye benchi, mikono mapajani, kama watu waliofika hospitali kungoja habari za mgonjwa. Mama mkwe anashona kwa mkono. Kwa muda wa saa tatu, kaptula moja.

Nikampigia simu afisa forodha wa mpakani. Akasema paneli zimezuiliwa. Zimeangukia namba arobaini. Ni bapa, na zinang'aa. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliyeandika upuuzi huo. Akaniomba nisubiri achukue karatasi. Akanisomea jina langu, na la baba, na la babu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nimeingia na mafundi sita.

Nikakimbilia kwa mkurugenzi kuomba namba arobaini ifutwe. Kabla sijafungua mdomo akanipa mkono wa pongezi. Akasema zile thelathini na tisa hazijawauma hata kidogo, ila arobaini imewatia wazimu, hawajui inaanzia wapi wala inaishia wapi. Kuigusa sasa ni kusalimu amri. Akasema nina akili ya kivita. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Nyumbani mke wangu hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Alisema hivi tu: "Baba watoto, nirudishie cherehani zangu. Hawa wanawake wana watoto."

Nikatazama viatu vyangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia ziko kwa Suti. Akachukua mkoba wake akatoka, na mafundi wakamfuata.

Ijumaa, 9 Januari

Siku ya ukaguzi. Mkurugenzi alianzia kwangu. Nilizipanga cherehani nyeupe vizuri, na ukutani nikachora paneli kwa chaki. Akauliza zinafanyaje kazi. Nikajibu kwamba kwa sasa zinafanya kazi kwa nadharia. Akaandika kitu kifupi mno kwenye daftari lake.

Tukaenda kwenye banda alikoweka Suti mfano wake. Nilisikia kabla sijaona. Kwa-kwa-kwa! Cherehani zangu! Mafundi sita wanakanyaga kama wanafukuzwa, mke wangu katikati yao, futi shingoni, hata hakuniangalia. Suti akaeleza kwamba cherehani hizi hazili umeme, hazili mafuta, hazina moshi, hazimtegemei jirani. Ni maneno ya mke wangu, neno kwa neno!

Mkurugenzi akauliza, na haki je?

Mke wangu akatoa karatasi kwenye mkoba. Imeandikwa kwamba cherehani ni mali ya mafundi wote sita kwa pamoja, na kesho asubuhi zinarudi uani. Chini, sahihi ya Suti. Kumbe jana mke wangu alimwambia waziwazi: bila sahihi hakuna mafundi, na cherehani bila mafundi ni chuma chakavu. Nikamtazama Suti. Anatoka jasho! Tone moja, kwenye sikio. Lilinipoza kidogo.

Suti ameshinda. Dirisha limekwenda.

Jumatatu, 12 Januari

Sare mia tatu zimefika shuleni saa moja asubuhi. Vifurushi nilibeba mimi. Jumamosi na Jumapili nilitia vifungo, mama mkwe akisimamia na kufumua. Karakana imepona. Mwalimu mkuu ameongeza na sare mia nyingine, anazitaka Ijumaa, zikiwa zimepigwa pasi. Na mke wangu leo amenisemesha. Ameniambia nisogee. Nimefurahi siku nzima.

Ofisini, habari tamu zaidi. Kibao cha shaba cha mlango mpya wa Suti kimezuiliwa mpakani. Namba arobaini! Nimekunywa vikombe viwili vya chai.

Somo nimelipata. Wazo langu halikuwa na kosa lolote, nilianza na kifaa kisicho chenyewe. Kumbe adui wa hewa safi kwenye karakana si cherehani, ni pasi! Pasi nne za mkaa, zinafuka moshi hadi kwa majirani, na hakuna aliyeziona isipokuwa mimi. Mke wangu sijamwambia bado, ana mambo mengi. Nimeagiza pasi za nguvu ya jua, za kisasa kabisa, kutoka ng'ambo ya mto. Nimeona picha yake: kitako bapa, kinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Zinafika Alhamisi.

Hizi za mkaa Suti amekubali kuniondolea leo hii. Bure, na mkokoteni anao. Maskini, mwenzangu yule hana akili ya kivita.