Malalamiko Kuhusu Mtoto Aliyeitwa Akaitika Babu Yake

Kipatimu,
Kilwa.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Tuanze Mapema,
Kilwa Masoko.

Ndugu Mratibu,

Tumsifu Yesu Kristo, na kama wewe ni mtu wa msikitini, basi asalaam aleikum. Naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Nilinuia kuandika siku ileile mpimaji wenu alipoondoka, lakini nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki. Halafu ukaja ufuta, ukavunwa, mtoto akaota magego, ndiyo leo nimepata mkono mmoja mtupu. Wa pili umembeba.

Mimi ni mama wa yule mtoto wa miaka miwili aliyechelewa kulia alipozaliwa, na sasa anachelewa kutembea. Dada Consolata wa mradi wenu huja kila wiki kumfanyisha mazoezi. Nashukuru sana, shingo imekaza, na sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Lakini nimeletewa taarifa kwamba vipimo vinasema mtoto "haonyeshi maendeleo", na kwamba vikisema hivyo tena, Dada Consolata atahamishiwa kwa mtoto mwingine. Hapo nikaona hapana, niandike. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Mpimaji wenu, Ndugu Leonard, alisimama nyuma ya mtoto akaliita jina lililo kwenye kadi. Mtoto hakugeuka. Aliyeitika ni baba mkwe wangu, kutoka bandani: "Naam! Nani huyo ananiita jina tupu kama mimi rika lake?" Kwa sababu jina ni lake, Ndugu Mratibu. Mtoto amerithishwa. Na hapa kwetu mke wa mtu halitaji jina la baba mkwe, kwa hiyo tangu azaliwe mimi namwita Babu, na nyumba nzima ikafuata. Hata humu sitaliandika, mtalisoma wenyewe kwenye kadi. Leonard akaniambia, "Basi mama, muite wewe." Nikatazama chini. Akaandika: Mtoto haitiki. Mama hatoi ushirikiano. Na baba mkwe, aliyeitika vizuri alipoitwa mara moja tu, hakupewa alama yoyote.

2. Ngazi. Karatasi inauliza kama mtoto anapanda ngazi akishikwa mkono. Nyumba yetu haina ngazi. Ya jirani haina. Ngazi ninazozijua ni za kanisani, na pale hata katekista wetu hupanda kwa kushikwa mkono. Leonard akaandika mtoto amekosa. Naomba kuelimishwa: amekosa mtoto, au imekosa nyumba?

3. Vibao. Mtoto alipewa vibao vitatu vya rangi avipange, kimoja juu ya kingine. Babu alivipokea, akavionja kimoja baada ya kingine, akamrudishia mwenyewe. Kwetu mtoto akirudisha kitu cha watu bila kunyang'anywa tunasema huyu ana akili. Kwenu ni sifuri. Naomba vibao vile visikanyage tena nyumbani kwangu.

4. Kwa kuwa kupima ni jambo jema, na sisi tulimpima Ndugu Leonard. Msimamizi alikuwa mama mkwe. Alipewa mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia kinyumenyume. Alipewa kanga ambebe mtoto mgongoni, akajifunga fundo kooni, tukamwahi. Alipoulizwa yule kuku anayepiga kelele vile ana nini, akajibu ana njaa, kumbe ametoka kutaga. Mama mkwe alisikitika sana, kijana mkubwa na suruali yake nzuri. Tumemweka kwenye kundi la wanaochelewa, na tumemshauri arudi pamoja na mama yake, aje atueleze alizaliwaje.

5. Basi, ikiwa mpimaji amechelewa kuliko anayempima, naomba vipimo vyote vya mtoto wangu vifutwe. Dada Consolata aendelee kuja, na akimaliza miguu ya Babu amfanyishe na Leonard. Wewe mwenyewe pia unakaribishwa kupimwa, siku yoyote isiyo ya mnada. Na mkiwa njiani msisahau kuipima barabara yetu. Ina umri mkubwa kuliko baba mkwe na bado inatambaa.

Sikatai kwamba mtoto amechelewa. Ndiye ninayembeba, najua anavyozidi kuwa mzito. Ninachokataa ni kuambiwa haendelei na mtu aliyekaa naye muda wa kumaliza kikombe cha chai. Asubuhi akisikia nagusa ndoo, analia, anajua naenda kisimani na simchukui. Zamani hakuwa anajua. Hilo kwenye karatasi halimo.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva, mlinzi, na yule mama wa chai aliyempa Babu kitumbua siku ya kujiandikisha. Baba mkwe anawasalimu na anaulizia majibu yake.

Ni mimi ninayewaheshimu, ila kwa hili siwaelewi,
Fortunata, mama yake Babu.

Nyongeza: Barua nilikwisha kuikunja, namsubiri Sadick wa bodaboda aje aichukue, ndipo nikageuka. Babu nimemweka chini mkekani. Amechukua kopo la chumvi, juu yake ameweka kiberiti, na juu ya kiberiti kipande cha sabuni. Vitatu, na havijaanguka. Hajaonja hata kimoja. Ndugu Mratibu, sijui lilinitokaje: nililiita jina lile, zima, kwa sauti, mkwe mzima mimi. Na mtoto akageuka, akanitazama, akacheka. Kutoka bandani nikasikia "Naa...", halafu kimya. Baadaye baba mkwe akaja kuviangalia vile vitatu, akasema nisijali, yeye ameitika vya kutosha, kuanzia leo anamwachia mwenzake.

Kwa hiyo namba moja na namba tatu naziondoa. Namba mbili ibaki, ngazi bado hatuna. Ninavyohitaji kutumiwa, upesi, kabla hajasahau, ni hivi: vibao vyote vitatu, karatasi mpya ya kupimia, ile ya zamani msiilete, kalamu yenye wino, Dada Consolata, kama kawaida, na Leonard. Mama yake si lazima.