Filimbi Moja, Barabara Nzima

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya chumbani. Nimeaibika mbele ya darasa, polisi, wauza samaki, madereva wa pikipiki na bendera ya taifa.

Nawaandikia ninyi wa grupu hili mapema, kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu habari imeshatoka hapa Bunia ikafika kijijini Bogoro, na huko wanasema nimekamatwa. Sijakamatwa. (Bado.)

Mnajua nafundisha saikolojia darasa la sita la sekondari, wale watakaokuwa walimu. Mnajua pia faili langu limekaa likisubiri ripoti ya inspekta. Bila ripoti nzuri naendelea kuwa mwalimu wa muda, yule anayeambiwa kila mwaka "vumilia kidogo". Basi leo asubuhi mkuu wa shule akaniita.

"Madame Kavira, inspecteur anakuya leo, ku saa ya pili. Utafundisha nini?"

"Njia za kueleza tabia ya mutu, Préfet."

"Bon. Usituangushe."

Nimwangushe mimi? Somo hilo nimelipika wiki nzima! Nilikuwa na karatasi kubwa, kalamu za rangi nne, na mishale. Wapo wataalamu wanaosema tabia ni mazoea tu: kichocheo kinakuja, mwili unajibu, kama yule mbwa wa vitabuni anayedondosha mate akisikia kengele. Wapo wanaochimba utotoni, kwenye mambo ambayo mtu mwenyewe ameyasahau. Wapo wanaotazama mawazo: mtu ameelewaje jambo kabla hajatenda. Wapo wanaosema kila mtu anatafuta kuheshimiwa na kuwa yule anayetamani kuwa. Na wapo wanaouangalia mwili wenyewe, damu, ubongo na njaa.

Sasa, mbwa wa vitabuni wanafunzi wangu wamemchoka. Nikasema niwape mfano wa kwetu. Ninyi mliohamia Kampala labda mmesahau: huku saa moja na nusu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni, bendera ikipanda au ikishuka pale kituo cha polisi, filimbi inalia na kila aliye barabarani anasimama wima. Pikipiki inazimwa. Kofia inavuliwa. Hakuna kutikisika mpaka filimbi ya pili. Na mjini kwetu, jinsi tulivyoishi na vita, mtu hangoji kuambiwa simama mara mbili. Mguu unasimama wenyewe, akili inafuata baadaye. Mfano gani mzuri kuliko huo?

(Mimi na akili zangu.)

Nikaenda kwa mkuu wa nidhamu, mzee mmoja mkavu anayevaa filimbi shingoni hata kanisani. Nikamwomba aniazime.

"Hii haiko ya kuchezea, Madame."

"Ni ya sayansi, Muzee."

Akaivua taratibu, akaniangalia, akaiangalia, akanipa. Ningemsikiliza yule mzee, saa hizi ningekuwa nakula sombe yangu kwa amani.

Saa ya pili, yaani kipindi cha pili, ikaingia, inspekta hajafika. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yetu ya Lumumba ilikuwa tope tupu, nikajua atachelewa. Nikaanza. Darasa limelala. Justin, yule mrefu wa nyuma, anapiga miayo bila hata kufunika mdomo. Nikaona sasa ndipo pa filimbi. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimepanga kupuliza kidogo tu, kwa adabu. Ila nikamfikiria inspekta, nikafikiria faili langu, nikapuliza kwa mapafu yote niliyopewa na Mungu.

Piiiiiii!

Darasa zima likaruka juu. Wima! Mikono chini, macho mbele, Justin na mwayo wake umekatikia njiani. Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtoto. Nikasema, "Mumeona? Nani alifikiri kwanza? Hakuna! Kichocheo, jibu!"

Ndipo nikasikia kimya.

Si kimya cha darasa, kimya cha nje. Dirisha lilikuwa wazi. Dirisha linaangalia barabara. Ng'ambo ya barabara ni kituo cha polisi. Bunia haijawahi kunyamaza hivyo saa tatu asubuhi. Nikainama dirishani nikatazama.

Barabara yote imesimama. Pikipiki zimezimwa. Mama Zawadi, yule anayeuza samaki wa kukausha kutoka Mahagi-Port, amesimama wima, beseni lake ameliweka chini miguuni. Fundi wa viatu amesimama na kiatu cha mtu mkononi. Polisi wa zamu ametoka mbio, akaangalia juu, akaona bendera imeshapanda tangu asubuhi, inapepea bila shida. Akasita kidogo. Halafu akapiga saluti hivyo hivyo.

Na katikati ya barabara, ndani ya dimbwi kubwa kuliko yote, kuna pikipiki moja imezimika. Nyuma ya dereva amekaa mzee wa suti ya kijivu. Mguu mmoja juu, mguu mmoja umezama kwenye tope hadi karibu na goti. Mkoba kichwani. Kofia kifuani, kwa heshima ya taifa.

Moyo ukaniambia ni inspekta. Mkoba ule si wa mtu mwingine.

"Madame," mwanafunzi wangu Espérance akaninong'oneza bila kutikisa shingo, "piga ya pili. Waende."

Bila shaka! Filimbi ya pili! Nikainua mkono kwa haraka, filimbi ikaniponyoka, ikadondoka nje ya dirisha, ikatua ndani ya mfereji. Nikaisikia hata sauti yake. Chubwi.

Nikajaribu kupiga mluzi kwa mdomo. Ukatoka upepo. Nikajaribu kwa vidole viwili kama vijana wa uwanjani. Yakatoka mate. (Mbwa wa vitabuni angenionea huruma.)

Basi nikatoka nje mwenyewe, nimekunja kitenge, natembea kwenda mferejini. Fikirieni picha hiyo. Watu wote wa barabara wamesimama kwa ajili ya taifa, na kiumbe kimoja tu kinatembea, ni mwalimu.

"Weye, Madame!" polisi akapaza sauti, mkono bado uko kwenye saluti. "Unatembea ku bendera? Simama!"

"Chef, ile filimbi ni…"

"Nimesema simama!"

Nikasimama. Ningefanyaje? Sasa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye filimbi, siwezi kuiokota kwa sababu nimesimama, na hakuna anayeweza kuondoka kwa sababu sijaiokota. Polisi anangoja filimbi ya pili. Watu wanamngoja polisi. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, na kwa kuwa mwenzake hajaondoka, naye haondoki. Inspekta anaendelea kuzama. Ningekuwa na daftari ningeandika, maana ule ulikuwa utafiti kamili.

Aliyetuokoa ni mbwa. Naapa. Mbwa mwekundu mwenye sikio moja akaja zake polepole katikati ya watu waliosimama, akanusa hapa, akanusa pale, akafika kwenye beseni la Mama Zawadi. Yeye peke yake, katika barabara nzima, hakuwa amefundishwa filimbi. Akachagua samaki mkubwa. Mama Zawadi akastahimili. Akakunja uso. Mbwa akachagua wa pili.

"Hapana!" Mama Zawadi akalipuka. "Ile bendera ilishapanda asubuhi! Mi niliiona na macho yangu! Weye mbwa, acha samaki yangu!"

Kandambili ikaruka. Mbwa akakimbia. Na hapo barabara yote ikafunguka, pikipiki zikawaka, watu wakaanza kuulizana, "Iko nini? Nani alipiga?" Polisi akaja na maswali hayo hayo. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Darasa langu lote lilikuwa limejaa dirishani, vichwa juu ya vichwa, na wakajibu kwa umoja ambao sijawahi kuuona katika mitihani:

"Ni Madame!"

Inspekta akavuta mguu wake kutoka kwenye tope. Kiatu kilichelewa kidogo kumfuata. Akaja mpaka mbele yangu, polisi akampisha.

"Ni weye mwalimu wa saikolojia?"

"Ndiyo, Monsieur l'inspecteur."

"Bon. Endelea na somo."

Akaingia, akakaa nyuma karibu na Justin, akafungua mkoba, akatoa fomu. Mimi mbele, nimesahau hata jina langu. Mishale yangu yote naiona kama mende. Inspekta akaona nahangaika, akanyanyua kalamu.

"Alors, watoto. Madame alipiga filimbi. Juu ya nini alifanya vile? Mueleze na zile njia zote alifundisha."

Jamani. Wanafunzi ambao kwa miezi sijawahi kupata kwao mikono miwili hewani! Leo mikono ilikuwa msitu.

"Ni mazoea, Monsieur," Espérance akaanza. "Kila mara anapiga kelele, siye tunanyamaza. Ile inamupa raha. Alors anaendelea kupiga kelele, na leo aliongeza."

"Bien. Mwingine."

"Ni ya utoto," akasema binti wa mbele, mpole, ambaye namfahamu na mama yake. "Alituambia siku moja alikuwa anataka kuwa polisi, baba yake akakataa. Ile hamu ilibakia ndani. Leo imetoka."

(Niliwaambia kwa siri! Ilikuwa siku ya mvua!)

"Alifikiri sauti itabakia ndani ya darasa," akasema mwingine. "Mawazo yake haikufika ku dirisha."

"Anatafuta heshima," akasema wa nne. "Alitaka weye umuone mukubwa."

Ikabaki njia ya mwili. Nikaomba Mungu wawe wameisahau. Justin akasimama, mara ya kwanza mwaka huu.

"Njaa, Monsieur. Madame hakukula asubuhi. Tumbo yake tuliisikia mpaka huku nyuma."

Inspekta hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliandika, akaandika, akageuza karatasi akaandika tena. Alipomaliza akanisogezea nisome. Kwenye nafasi ya somo ameandika: "Wanafunzi wameelewa vizuri sana." Nikapumua. Kwenye nafasi ya mwenendo wa mwalimu hajaandika kitu.

"Hapa nitajaza kesho," akasema. "Saa moja na nusu nitakuya kusimama pale ku bendera. Nataka kuona kama umeharibu ile mazoea ya watu ao hapana."

Nikacheka moyoni. Nitaharibu nini? Watu wamesimamia filimbi hiyo tangu wakiwa watoto!

Basi saa kumi na mbili jioni natoka shuleni, nimemrudishia mzee filimbi yake (nimeiosha mara tatu, bado ina harufu), nafika mbele ya kituo. Filimbi ikalia. Ya kweli, ya polisi mwenyewe, bendera inashuka. Nikasimama wima, mikono chini.

Pikipiki ikanipita. Nyingine ikanipita. Fundi wa viatu akaendelea kugonga msumari. Mama Zawadi akapita na beseni lake kichwani, anawatuliza wenzake kwa sauti ya mtu anayejua mambo:

"Muende tu, muende! Ni Madame tena!"

Hakuna aliyesimama. Hata mmoja! Somo langu lenyewe linasema kichocheo kikidanganya, jibu linazimika, ila vitabu vilisema inachukua muda. Barabara ya Lumumba imemaliza kwa siku moja. Polisi amebaki na kamba ya bendera mkononi, anapuliza, anapuliza, mashavu yamejaa, anatazama watu wanavyompita. Kisha macho yake yakanikuta mimi, peke yangu, wima katikati ya barabara.

Alinitazama tu hadi bendera ikafika chini.

Kwa hiyo nawaomba, ninyi wote mlio Bunia, wa Lumumba na hata wa mbali: kesho saa moja na nusu piteni pale mbele ya kituo, na filimbi ikilia simameni. Inspekta atakuwepo, na faili langu liko mkononi mwake. Najua mtacheka. Chekeni tu, lakini chekeni mkiwa mmesimama.