"Was" Iliyomng'oa Mwenyekiti

Jumatatu, 2 Juni 2025

Katibu wa kikundi chetu cha kahawa hapa Karurumo amejiuzulu. Kiti kiko wazi! Tunaokitaka ni wawili: mimi, Njagi, na Mwalimu Mukami, aliyestaafu juzi na bado anatutazama kama darasa la nne. Mzee Mbogo, mwenyekiti, kasema sote tuandike kumbukumbu za mkutano wa Alhamisi kwa Kiingereza. Zitasomwa mbele ya mnunuzi wa ng'ambo, Maxine. Atakayeandika vizuri ndiye katibu.

Nimepita kwa shemeji Kathuri, anayefundisha Kiingereza Runyenjes. Kanieleza kwamba ukiripoti maneno ya mtu, kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. "Is" inakuwa "was". Kumbe ni hivyo tu! Alipofika kwenye "lakini", nilikuwa nimeshafika langoni.

Alhamisi, 5 Juni

Mkutano. Nimerudisha nyuma kila kitu. Mchungaji alifungua kwa maombi: "Pastor said that God was good." Mzee Mbogo: "He said he was our chairman and our coffee was clean." Mwanachama mwenzetu Kathure akauliza meza za kuanikia kahawa ziko wapi: "Kathure asked where were the tables." Safi! Nikachungulia daftari la Mukami. "Is" kila mahali. Maskini. Nilimhurumia hadi nikamwazima kalamu.

Jumatatu, 9 Juni

Aibu! Nilisoma kwa sauti ya redio. Mchungaji akaguna. Mzee Mbogo akasimama na fimbo, akauliza ni nani amemng'oa, na lini. Maxine akaweka kikombe chini, akauliza kahawa yetu ilianza kuchafuka lini. Mwaka mzima wa jasho, na mnunuzi anatazama gari lake!

Mukami ndiye aliyetuokoa. Alieleza kwamba "was" si kosa, lakini jambo likiwa bado ni kweli unaweza kuacha "is", mtu asidhani limekwisha. Na swali likiripotiwa si swali tena: "where the tables were". Maxine akacheka, akaomba kikombe cha pili. Mukami ni katibu. Mimi nimepewa kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza. Angalau sasa najua ziko wapi.

Jumatano, 11 Juni

Somo nimelishika. Jirani yetu Mzee Ishmael amefariki, Mungu amrehemu. Anazikwa Ijumaa, na wanawe walitaka mtu wa kuandika wasifu wake kwa Kiingereza. Nimemwahi Mukami! Safari hii hakuna "was" hata moja. Nimeanza hivi: "Ishmael says that he is very well, and he is happy to see you all."