Makopo ya Elektroni ya Pancras

Asubuhi ile pale Lusahunga, Pancras alimkuta Magdalena, mwuza asali, akimfokea dereva wa lori kwamba ndoo zake zimepungua tena njiani. Wengine walisikia ugomvi. Pancras akasikia riziki. Jumamosi alitakiwa Murukulazo kwa Mzee Hakizimana, na ndoo nzima ya asali, ndipo aruhusiwe kumchumbia binti yake, Keza. Mpaka saa hiyo hakuwa na hata kijiko.

Alimwamkia mama yule kwa adabu zote, akatoa makopo mawili ya maziwa yaliyozibwa kwa gundi. Kila elektroni, alieleza, ina spini, yaani ni kijisumaku kinachoelekea juu au chini. Kabla hakijapimwa kinaweza kuwa juu na chini kwa pamoja, na ndiyo maana wataalamu wa kompyuta za kwanta wanakitumia kutunza habari. Hadi hapo alikuwa amesema kweli tupu, jambo lililomchosha kidogo.

Akajirudi haraka. Kopo moja linakaa dukani, la pili linasafiri na asali. Dereva akiiba, elektroni za kule zinageuka, za huku zinapata habari, kopo linatetemeka.

“Na nikilifungua?” Magdalena aliuliza.

“Ukichungulia tu, mama, zinaharibika. Hata Ulaya hawachungulii.”

Bei ilikuwa ndoo moja ya asali. Wafanyabiashara wanne walishasogea, kila mmoja akitaka makopo yake. Magdalena alibeba ya kwake hadi stoo, na kwa kuwa hajawahi kununua hata nyanya bila kuibonyeza, akalipasua moja kwa panga. Ndani mlikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu. Alijaza ndoo matope mazito, akapaka mfuniko asali kwa nje, akaufunga kwa karatasi ya gundi, akampelekea Pancras.

Pancras aliponyoosha mkono afungue, mama alimshika bega.

“Mimi sijachungulia kopo lako, mwanangu. Na wewe usichungulie ndoo yangu.”

Wale wateja wanne walikuwa wanamtazama. Pancras aligusa mfuniko, akalamba kidole, akaonja utamu, akacheka moyoni. Mtu aliyenunua sumaku ya redio angeijulia wapi hila?

Jumamosi, wakwe walikaa na pombe yao ya ndizi, mshenga akaisifia ndoo kwa kirefu, mfuniko ukafunguliwa. Aibu ilimpanda Pancras hadi masikioni, maana yeye alimpenda Keza kweli, bila ujanja wowote. Lakini mdomo wake ulishazoea kutangulia. Akasema asali ilikuwemo mpaka pale wazee walipochungulia, akafundisha spini yote, juu na chini.

Mzee Hakizimana alisikiliza mpaka mwisho.

“Nimekuelewa, mwanangu. Basi Keza amechumbiwa, na hajachumbiwa. Tutapima siku nitakayoonja asali.”

Keza alicheka mbele ya watu wote. Jumatatu Pancras alikuwa Lusahunga, akimwomba Magdalena kazi ya kurina asali, na mama akamwonyesha mzinga wenye nyuki wakali kuliko mizinga yote.