Wales, Ghorofa ya Pili, Wattaya

Inatangazwa kwa umma kwamba mwaka 2003 Chuo cha Upeo, Wattaya, ghorofa ya pili, juu ya duka la magari, kilifanikiwa kupata historia ya zaidi ya miaka mia moja. Kabla ya hapo kilikuwa na umri wa miezi minane. Mimi, Harub, niliyekuwa Mkurugenzi wa Uratibu wa Mambo Mbalimbali, niliyashuhudia mafanikio hayo kwa macho yangu, na ninayaeleza hapa kwa sababu mitaani yapo maneno yanayozunguka bila kibali cha mtu yeyote.

Wakati ule kila chuo binafsi mjini Muscat kilikuwa kinatafuta chuo kikuu cha ng'ambo cha kushikana nacho mkono. Waliowahi walichukua Uingereza na Marekani. Waliofuatia wakachukua Australia. Mwenyekiti wetu, Bwana Marhoon, ambaye ndiye pia mwenye duka la magari la chini, alichelewa kidogo kwa sababu ya mazungumzo marefu kuhusu matairi, na alipomaliza ilikuwa imebaki Wales. Akaichukua. Alidhani ni mtaa wa London. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa kumsahihisha Mwenyekiti kulihitaji kibali cha Mwenyekiti.

Chuo chenyewe kiliitwa Chuo Kikuu cha Llanwerog. Wenyewe walijibu kwa adabu kwamba hawatii saini na mtu kabla ya kumtembelea na kuona kama ameielewa historia na tabia ya chuo chao. Kwa hiyo Mwenyekiti akaunda Kamati ya Historia na Tabia. Yeye akawa mkuu wake, mimi katibu. Mjumbe wa tatu alikuwa Aflah, mtoto wa dada yake, kijana aliyekuwa akiuza magari chini na kupandishwa juu kuwa Msimamizi wa Ubora wa Taaluma. Mjumbe wa nne alikuwa Bi Mahfoudha, mwalimu wa Kiingereza, na huyu aliingizwa kwa sababu ya kiufundi: ndiye peke yake aliyepata kufika Wales.

Bi Mahfoudha alizaliwa Vuga, Unguja. Yeye na watu wa kwao walipoondoka baada ya mapinduzi alikuwa msichana wa skuli, akapitia kwa jamaa huku na huku, mwisho akapata nafasi ya masomo Llanwerog, akakaa huko miaka mitatu kabla ya kuja Oman na wenzake waliokuwa wanarudi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na kasoro moja kubwa kiutumishi: akiulizwa jambo alilijibu.

Katika kikao cha kwanza alitufundisha kulitamka jina. Alisema uweke ulimi kama unataka kusema la, kisha usiseme, upulize. Tukapuliza. Mwenyekiti alipuliza mpaka karatasi zikaruka, halafu akasema kwamba sisi tuna kha, tuna ghaini, tuna dhadi, na umma wenye herufi hizo za Kiarabu hauna haja ya kupuliza. Ikaazimiwa kwamba jina litatamkwa Lanwerogi.

Kisha Bi Mahfoudha akaombwa aieleze historia. Alisema Llanwerog ni mji mdogo wa milimani, mvua haikatiki, kondoo ni wengi kuliko watu. Vyuo vikubwa vya Waingereza havikuwa na habari na watoto wa huko. Basi wachimba mawe, wakulima na wanawake wakama ng'ombe wakachanga, kila mmoja alichoweza, wakanunua kiwanda cha sufi kilichofilisika, na humo wakaanza kusomesha watoto wao. Mpaka wakati wake, alisema, ukiingia darasani siku ya mvua ulisikia harufu ya kondoo.

Mwenyekiti alisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Historia hii haifai. Ina maskini wengi."

Kamati ikairekebisha. Mwanzilishi akawa mfalme. Kiwanda kikawa kasri. Wachimba mawe wakabaki, lakini kama walinzi wa kasri. Mvua iliondolewa kabisa, kwa kuhofia kuwavunja moyo wazazi. Bi Mahfoudha aliuliza wageni wakija watasema nini wakisikia habari za mfalme wasiyemjua. Aflah akajibu kwamba mteja hajui gari yake mpaka muuzaji amweleze.

Ilibaki tabia. Mwenyekiti akauliza kama wale watu walikuwa na nidhamu yoyote. Hapo Bi Mahfoudha akasema kulikuwa na jambo moja, la zamani, na wao wenyewe hulisema kwa uchungu. Watu wa Wales wana lugha yao. Zamani mtoto akisikika anaizungumza skuli, alivikwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amsikie mwenzake akiizungumza, amvishe yeye. Atakayekuwa nacho jioni ndiye anayechapwa.

Nilimwona Mwenyekiti akiinuka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza Wales ilimpendeza.

Lazima nieleze kwamba chuoni petu kulikuwa na tatizo la Kiswahili. Nusu ya walimu na wanafunzi wengi walitoka nyumba zenye asili ya Unguja na Pemba, na mlango wa darasa ukishafungwa tu, Kiswahili hicho. Mwenyekiti alikichukia khasa. Yeye husema kwao ni Nizwa, jambo ambalo ni kweli kwa upande wa babu yake. Kwamba alizaliwa Wete na kukua huko mpaka akaota ndevu, na kwamba mama yake anayekaa naye Madinat Sultan Qaboos hajui lugha nyingine, hayo yalikuwa mambo ya ndani.

Basi katika historia yote ile, kitu kimoja tu tulikipokea bila marekebisho, nacho ni kibao. Aflah alishuka chini akaja na kimoja cha plastiki, kile kinachoning'inizwa kwenye kioo cha gari, kimeandikwa INAUZWA kwa Kiarabu na Kiingereza. Yeye ndiye aliyetunga kanuni. Atakayesikika akisema Kiswahili atavikwa na aliye nacho. Atakayelala nacho siku tatu atafukuzwa kazi au masomo. Aliye nacho haruhusiwi kukaa katika kikao chochote. Kanuni inamhusu kila mtu kuanzia juu. Mwenyekiti alilipenda neno hilo la kuanzia juu, akaagiza lipigiwe mstari.

Aliyevikwa wa kwanza alikuwa Veneranda wa mkahawani, mtu wa Bukoba, aliyekuwa akitupikia chai ya maziwa na chapati. Kosa lake lilikuwa kumwuliza mwanafunzi kama anataka sukari. Ilikuwa vigumu kwake kukiondoa, kwa sababu alikuwa jikoni peke yake, na kila aliyefika mbele ya dirisha lake alisema Kiarabu, au alinyoosha kidole. Siku ya kwanza alilala nacho. Siku ya pili alilala nacho. Viza yake ilikuwa chini ya Bwana Marhoon, na kufukuzwa kwake si kutafuta kazi pengine, ni kupanda ndege. Alikuwa na mama na mtoto Bukoba waliokuwa wakila kutokana na chapati zile. Siku ya tatu aliziunguza, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Aflah akaja kusimama mlangoni kusubiri jioni ifike.

Bi Mahfoudha alitoka darasani, akaingia mkahawani, akasimama karibu na Aflah ili asikike vizuri.

"Veneranda, mwanangu, nipe chai. Nnataka ya moto, na wala usiogope."

Veneranda hakufanya kitu. Bi Mahfoudha akamwambia, kwa Kiswahili kilekile, akivue amvishe. Aflah alisema hilo halihesabiki kwa sababu amekusudia. Mimi nilipoulizwa maoni ya kiofisi nilisema kanuni haijataja nia. Akavikwa.

Tukategemea kwamba kitazunguka kama ilivyopangwa. Hakikuzunguka. Bi Mahfoudha alifundisha nacho, akaenda nacho kuswali, akapanda nacho teksi kurudi kwao. Watu walisema Kiswahili mbele yake na yeye hakumvisha mtu. Walipofahamu hivyo walikisema zaidi. Ndani ya wiki moja chuo kizima kilikuwa kinasema Kiswahili kwa uhuru ambao hakikupata kuwa nao hata kabla ya kanuni, kwa vile kibao kilikuwa na mwenyewe. Mwenyekiti alimwita, akamwuliza kwa nini anahujumu mzunguko. Alijibu kwamba aliulizwa habari za Wales akazieleza, na hakuelezea ili tuige.

Kwa kanuni alikwisha kufukuzika. Lakini wageni walikuwa wameshaandika kwamba wanatarajia kumwona yeye, mwanafunzi wao wa zamani. Kwa hiyo Mwenyekiti akapitisha utaratibu wa kufukuzwa kwa kuahirishwa: Bi Mahfoudha angeendelea na kazi kwa moyo wote mpaka wageni wafike uwanja wa ndege wakirudi kwao, na hapo ndipo angekuwa amefukuzwa. Alijulishwa mapema ili ajitayarishe. Aliniuliza kama mahali pake patachukuliwa na mtu anayejua kufundisha. Niliandika swali lake kwenye kumbukumbu ili lisubiri kibali.

Wageni walikuja wawili. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo, Profesa Gwenllian Pryce, pamoja na msaidizi wake, kijana mmoja aliyekuwa akiungua na jua tangu ngazi za ndege. Walifikia hoteli ya Qurum, wakaletwa kwetu kwa gari lisilokuwa na namba bado. Mwenyekiti aliwasomea historia ya chuo chao. Kijana aliinama. Profesa alisikiliza habari za mfalme na kasri mpaka mwisho, akashukuru, akasema amejifunza mengi. Kisha akamwona Bi Mahfoudha, na chini ya kidevu chake akakiona kibao.

Aliuliza ni nini. Mwenyekiti hakungoja mkalimani wala katibu. Alieleza mwenyewe, kwa furaha, kwamba hii ndiyo tabia ya Llanwerog, tumeichukua kama ilivyo. Alieleza namna kinavyovishwa, namna kinavyohamishwa, na kwamba hakuna anayesamehewa, kuanzia juu.

Profesa alikishika kibao, akakigeuza. Halafu alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba bibi yake alivikwa kile kibao akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo hakupata kusema lugha yake na watoto wake. Yeye, Profesa, ilibidi aje kujifunza lugha ya bibi yake ukubwani, kwenye darasa la jioni, kama mgeni. Kisha akamgeukia Bi Mahfoudha na kumwambia kitu kwa hiyo lugha. Bi Mahfoudha akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Macho ya Profesa yakajaa maji. Wakaendelea, wawili wao, wanapuliza na kupuliza, sisi wengine tumesimama.

Mwenyekiti hakuzoea mazungumzo yasiyompitia. Alinisogelea sikioni, lakini sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita mafundi toka ng'ambo ya duka.

"Wanasema nini hawa? Mwanamke huyu ashaniharibia. Mtoe nje, Harub, mtoe sasa hivi."

Kilikuwa Kiswahili cha Wete, safi, hakijapata vumbi. Chumba kizima kilikisikia.

Bi Mahfoudha alimtaka Profesa radhi. Akakivua kibao, akavuka chumba, na akasimama mbele ya Mwenyekiti akisubiri. Profesa Pryce aliuliza kwa upole kama hii ndiyo ile sehemu ya kuhamisha. Mwenyekiti alimtazama Aflah, na Aflah, ambaye ni kijana mwaminifu kwa maandishi yake, akamwambia mjomba wake ndiyo, Khali, ndiyo yenyewe. Bwana Marhoon akainamisha kichwa, akavishwa.

Kikao cha makubaliano kilikuwa kinaanza. Kwa kuwa aliye na kibao haruhusiwi kukaa katika kikao chochote, Mwenyekiti alibaki nje, na kwa masikitiko makubwa nilikubali kukalia kiti chake. Wageni walisema watatia saini kwa masharti mawili: masomo yote yawe chini ya Bi Mahfoudha, na kanuni ile ifutwe yote siku hiyohiyo. Niliuliza kama kuna pingamizi. Aliyezoea kupinga hakuwemo. Aflah alijaribu kukitetea kifungu kimoja, alichosema kimeandikwa vizuri, lakini akakubali. Ikafutwa yote, kuanzia juu. Bi Mahfoudha akaongeza kwamba mkahawa ubaki na mpishi wake, na hilo pia likapita.

Muda wote huo Bwana Marhoon alikuwa mkahawani anajaribu kukihamisha. Aliagiza chai, akamwuliza Veneranda habari za kwao, za mama, za mtoto, mambo ambayo hakupata kuyauliza tangu amwajiri. Veneranda alimjibu kwa Kiingereza, neno mojamoja, kama mtu anayehesabu mayai. Mwenyekiti akawaita wanafunzi wawili mezani kwake. Wakasema Kiarabu cha taarifa ya habari. Alipiga simu nyumbani, mama yake akamjibu kwa Kiswahili kirefu, lakini mama hakuwa mwajiriwa.

Tulipotoka, Bi Mahfoudha alimwendea, akamwamkia kama watu wanavyoamkiana nyumbani. "Masalkheri, Marhoon. Hujambo, ndugu yangu?"

Bwana Marhoon aliinuka upesi mno hata kiti kikaanguka. Alikuwa ameshakifikisha kibao kwenye masikio aliposikia kwamba kanuni imefutwa, na hakuna tena wa kumvisha.

Alisimama nacho hapo, kipo nusu ya uso. Kisha akaniuliza, mimi kama kaimu, akivue vipi. Niliyapitia maandishi yote mbele yake. Kanuni ilitaja njia moja tu ya kukivua, nayo ilikuwa kumvisha mwingine, na kifungu hicho kilikuwa kimefutwa pamoja na vingine. Nilimshauri kwamba suala hili ni jipya na linahitaji kamati. Aliniuliza kamati hiyo itakaa lini. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba bado haijaundwa.

Akakiacha kikashuka tena shingoni, akaketi. Veneranda alimsogezea kikombe.

"Kunywa, mzee," alimwambia kwa Kiswahili cha kwao. "Khalas, yameisha. Inapoa."

Akanywa.