Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Meneja kanikuta nimelala kwenye kitanda cha maonyesho, katika duka letu la magodoro. Nikasema namwonyesha mteja ubora wa bidhaa. Kumbe mteja alishaondoka zamani! Sasa nipimwe, la sivyo kazi sina. Daktari naye kanitisha: kusinzia mchana kila siku huweza kuwa dalili ya moyo mgonjwa, tena watu hufa. Kanipa kifaa cha kupima moyo, nikibandike kifuani hadi kesho. Nikikutwa mgonjwa, si nitafukuzwa?

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali! Kifaa kimelala kifuani kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Yule anayekimbia kila alfajiri na kuniita Mto, eti kwa usingizi wangu. Nilimsifia kifua tu, nikasema kifaa hupima nguvu za wakimbiaji, mwenyewe akavua shati.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Daktari kasema moyo wangu unadunda ovyo usiku. Nisikimbie, nianze dawa mara moja. Moyo wangu! Nikakumbuka shemeji alivyosinzia mezani juzi, kijiko mkononi, nami nikamcheka mpaka machozi. Nikatoka mbio kwenda kumwambia. Njiani meneja akapiga simu: pole sana, pumzika wiki mbili, mshahara uko palepale. Nikageuza. Nitamwambia Jumapili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelala mpaka adhuhuri. Raha! Mke wangu ananipepea, macho yamemvimba kwa kulia. Shemeji kaja kunipa pole na machungwa. Kasema kwa kuwa mimi siruhusiwi kukimbia, ataongeza mzunguko mmoja kwa niaba yangu. Nikala chungwa.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaanguka barabarani, kwenye ule mzunguko wangu. Yu hai, kalazwa. Nimemweleza daktari yote, mke wangu akisikia. Hakunigombeza. Alihama tu, akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda cha kaka yake. Majuto ni mjukuu, na wangu kaja na mizigo yake yote. Nimelia kama mtoto.

Jumanne, 11 Machi
Shemeji anapata nafuu, ila hasemi nami. Nastahili. Daktari kanipa kifaa tena, nikivae mwenyewe. Nimeapa kwa jina la marehemu mama: sitamvalisha mtu mgonjwa tena maishani. Safari hii nachagua kwa makini. Seremala jirani hajawahi kuugua hata mafua, na kupiga mwayo sijamwona. Nitamwendea nikiamka.