Upanga wa Pili wa Kapteni Reyer

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba kwa jina la mama yako, usimsomee mtu hata neno moja. Nitafukuzwa kazi.

Jumatatu, 5 Machi 1640, Haarlem
Mimi ni karani wa Bi Aechtgen, mjane mwenye duka la picha. Kazi yangu barua. Roho yangu iko mezani kwa Govert, mchoraji wa duka. Leo kaanza picha ya Kapteni Reyer, mwalimu wa upanga. Kapaka nta kwenye bamba la shaba, kaifukiza kwa mshumaa ikawa nyeusi, kisha kachora kwa sindano. Kila mstari, shaba inang'aa! Nikauliza mbona hachongi shaba yenyewe. Akasema tindikali ndiyo itakayochonga, na niondoe pua yangu.

Jumanne, 6 Machi
Balaa! Govert kakosea. Kapteni hupigana kwa mkono wa kulia. Kwenye bamba upanga uko kushoto. Govert alipotoka kununua tindikali, nikamchorea Kapteni upanga mkono wa kulia. Ule wa kushoto haukufutika. Basi, uwe wa akiba.

Alhamisi, 8 Machi
Tindikali ikamiminwa. Vipovu vidogo vikapanda kwenye kila mstari, hata kwenye mistari yangu! Ajabu tupu. Nta ikaondolewa, wino ukapakwa, karatasi ikabanwa kwenye mashine, ikafunuliwa. Upanga wa Govert umehamia kulia. Wangu umehamia kushoto. Kumbe picha hutoka kinyume, kama kwenye kioo! Govert akaapa alichora upanga mmoja tu. Bi Aechtgen akamwuliza kama bia zake anazihesabu au anazinywa tu. Kapteni akiikataa picha, Bi akasema, Govert atafute duka jingine. Mimi nikainamia barua zangu.

Jumamosi, 10 Machi
Kapteni kaja. Katazama, katazama. Kauliza nani kamtia upanga wa pili. Govert kawa mweupe kama jibini. Nikasema ni mimi, kwa sauti ya panya. Kapteni kacheka hadi kofia ikaanguka: sasa wapinzani watamwogopa maradufu, anataka nakala mia! Govert kaniita mwizi wa sindano, kisha kanipa kiti mezani kwake, nijifunze.

Somo nimelipata: kipaji changu ni cha kuzaliwa. Nimechora bata kwenye bamba. Govert kasema nimtoe kwenye tindikali baada ya robo saa, eti ikizidi italila bamba lote. Robo saa tu! Kama robo saa inapendeza hivi, siku mbili je? Nimemwacha hadi Jumatatu.

Ukitaka nakala, njoo Jumatatu mchana, mlango wa nyuma. Bisha mara mbili. Ulizia msanii, usiseme karani.